Chekeche la Mama Prudensia

Mama Prudensia aliliweka chekeche mezani mbele ya mgeni, akamwaga juu yake viganja viwili vya majani ya chai.

"Haya, mwanangu. Chai hainyweki na vumbi lake. Tenga."

Elirehema, mwanawe wa pekee, alifumba macho. "Mama, usianze. Ongea naye tu, please."

"Naongea kwa mikono. Wewe kaa."

Alikuwa na kila sababu ya kuanza. Juzi tu Elirehema, mwanamume wa miaka arobaini asiye na mke, alimpigia simu: "Mama, Jumamosi nakuja na dada mmoja, anataka akuone hapo nyumbani." Mwanamume akimleta mwanamke amwone mama yake, hata mbwa wa jirani hapa Richardson, ughaibuni, anajua kinachofuata.

Na mtihani wa chekeche haukuwa mzaha. Abigail, mchumba aliyeletwa kabla ya huyu, msomi mzima kutoka Houston, alichemsha vyote pamoja, vumbi na vijiti, kisha akauliza kama kuna chai ya vifuko, ile wanayoitumbukiza kwa uzi kana kwamba wanavua samaki. Hakuonekana tena. Mama Prudensia alimshukuru Mungu. Elirehema alinuna.

Huyu wa leo aliitwa Inès, Mrundi wa Grand Prairie. Aliingia na raba nyeupe zisizo na mlio, akasema "Bonjour, Mama" pale palipostahili shikamoo. Alama zikapungua. Kabla hajakaa akaomba kuona bafu. Zikapungua tena.

Lakini mikono yake, jamani. Alilishika chekeche kwa ncha za vidole, akalitikisa taratibu. Vumbi likanyesha sahanini, majani yakabaki juu, mazima, meusi, yamejikunja. Hakuyasugua. Vijiti aliviokota kimoja kimoja.

"Nani kakufundisha?"

"Nyanya yangu, kule kwetu Teza. Alikuwa mchumaji wa chai."

"Na vumbi unalitupa?"

"Hapana, Mama. Sisi tunalipikia wazee. Linatoa rangi haraka, na wenyewe hawaulizi."

Kumbe anatunza wazee. Mama Prudensia akamrudishia alama zote alizomnyang'anya.

Inès akaenda jikoni kuchemsha maji, na huko akakaa kuliko maji yenyewe. Alifungua friji, akanusa maziwa, akakunja uso. Akaliinua sufuria lililoungua kitako, akaliona na la pili lililofichwa nyuma yake.

"Hii moto ya upande huu iliwaka tangu saa ngapi, Mama?"

"Moto wangu unakuhusu nini?" Mama Prudensia alijibu kwa ukali, ila moyoni alichekelea. Msichana anakagua jiko kabla hajalitwaa. Mwenye nia hujulikana.

"Na usiku, unafika chooni bila kushika ukuta?"

Hapo Mama Prudensia alicheka hasa. Mkwe mwenye haya angengoja harusi ipite ndipo aulize ya chooni.

Chai ilikuja nyekundu, safi, kitako cha kikombe kinaonekana. Elirehema hakuigusa yake. Mama Prudensia alionja, akaizungusha mdomoni, akawangojesha wote wawili kama askofu anayetafuta miwani yake kabla ya mahubiri.

"Nimekukubali," akatangaza. "Si kwa uzuri, maana uzuri wako wa kawaida tu. Ni hiyo mikono. Uhamie humu humu. Kile chumba cha nyuma nitatoa mabegi yangu, upate pa kuweka nguo. Na usinishukuru."

Hakuna aliyemshukuru. Inès alimgeukia Elirehema. Elirehema aliangalia zulia.

"Hujamwambia?"

Elirehema akakisogeza kikombe chake pembeni.

Inès akavuta kiti, akauchukua mkono wa Mama Prudensia, akauweka katikati ya viganja vyake.

"Anayehama ni wewe, Mama. Unakuja kwetu, kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi. Chumba chako kiko chini, karibu na choo. Gari litakufuata Jumatatu."