Sarafu Chini ya Kitanga

Bi Somoe alikuwa akiisugua kwa majivu mizani ya marehemu mumewe, apate kuiuza, sarafu ilipodondoka sakafuni. Ilikuwa ya zamani, yenye tundu katikati, na haikupokelewa tena katika duka lolote. Mgongoni ilikuwa na nta, kama kitu kilichobandikwa mahali.

Tabu, jirani aliyekuja kununua mizani hiyo, aliiokota akaigeuza.

"Kumbe na mzee alikuwa akitupunja," alisema taratibu.

Bi Somoe aliona aibu. Mumewe Makame alikuwa ameuza maharage katika mji ule miaka thelathini, na watu walimzika wakimwita mwaminifu. Akavipindua vitanga vyote viwili vya mizani kutafuta alama ya nta. Aliikuta chini ya kile kilichochubuliwa na mawe ya kupimia, si kile cha maharage.

"Hebu tazama, mwanangu. Uzito aliuongeza upande wa mawe. Kila mliponunua, mliondoka na punje kadhaa za ziada."

Tabu akamrudishia sarafu.

Bi Somoe akamtazama paka aliyelala juu ya gunia tupu. Miaka yote magunia yalikuwa yakiisha mapema, naye akiwalaumu panya. Makame hakubisha. Alimletea paka, na yule alipokufa akamletea mwingine. Huyu alikuwa wa tano.

"Bado utaniuzia?" Tabu aliuliza.

Bi Somoe aliishika sarafu kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshawasha kipande cha mshumaa, amekiinamisha juu ya kitanga cha mawe kilichopinduliwa, akisubiri tone la kwanza.