Neno la Mkalimani

"Ni mob au ni crowd?" meneja aliuliza, kidole kiko tayari kwenye simu ya upepo.

Mkalimani alichungulia dirishani. Uwanja wa kiwanda cha magunia ulikuwa umefurika watu pomoni. Ofisi yao ya ghorofani ilikuwa na mlango mmoja na ngazi moja, na ngazi iliishia katikati ya watu wale. Wamenaswa, yeye na bosi wake, kama panya mtegoni.

"Usinifiche," meneja alisema, jasho likimchuruzika shingoni. "Kama ni mob, walinzi wapige risasi. Kama ni crowd, tusubiri wachoke."

Neno la kwanza ni watu wa shari, la pili ni watu waliojazana tu. Kati ya maneno hayo mawili, roho za watu zilikuwa zinaning'inia.

"Mlete! Mlete!" sauti zilipanda kutoka chini.

"Wanasemaje?"

"Wanaomba ushuke."

"Wanifanye nini?"

"Bosi, hawa si mob, wala si crowd. Kiingereza chenu kina neno jingine: congregation. Waliokusanyika kwa ibada. Wanamwombea yule fundi aliyemezwa na mashine juzi. Mkubwa akisimama nao, watalia, kisha watakwenda zao."

Meneja alimkazia macho. Tangu ahamie nchi hii hakuwahi kuelewa jambo kiwandani ila kwa kinywa cha mama huyu. Hata fundi alipokuja kuomba mashine ile izimwe, ni yeye aliyetafsiri ombi. Na ni yeye aliyetafsiri jibu: kazi iendelee.

"Rudini getini," meneja aliwaambia walinzi kwenye simu. "Ni maombi tu."

Akafuta uso, akafunga vifungo vya shati.

"Nikifika nisemeje?"

"Inamisha kichwa tu, bosi. Niko nyuma yako."

Akatoka. Hatua zake zilishuka ngazi kwa haraka, kisha polepole, kisha zikasita.

Mkalimani akaurudisha mlango, akazungusha ufunguo kwa ndani. Akaegemeza paji la uso kwenye ubao.

Kelele zilikatika ghafla. Kisha sauti ya mwanamume ikapaa kutoka uwanjani, ya upole, kama ya mtu anayebisha hodi penye msiba:

"Tumempata, shemeji. Sasa mlilie mumeo."