Suti ya Mzee Leonidasi

Mzee Leonidasi aliletwa kwenye ndege amekalishwa juu ya kiti cha mbao, vijana wawili wamembeba. Alivaa suti nyeusi, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, na alinukia marashi kama bwana harusi.

"Mama, huyu ni mgonjwa au anakwenda kuposa?" aliuliza Omary, mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo, ambaye alikuwa ameshajifunga mkanda. "Mwenye ndege kaandika pale mlangoni, mbuzi, petroli na maiti marufuku. Marashi kayasahau!"

"Anakwenda kwa madaktari wa Kigoma," alijibu Theodosia, mke wa mzee, akimfunga mumewe mkanda. "Wewe ungetaka wamwone na matambara?"

Rubani Mwanahawa hakucheka. Alikuwa amechoka hadi kope zinamuuma. Tangu mvua zikate barabara ya Kasulu, ndege hii ndogo ndiyo ilikuwa barabara, na rubani ni yeye peke yake. Alitaka kitu kimoja tu: afike Kigoma, avue viatu, alale.

"Mwanangu," Theodosia alimwita, "mtu akizidiwa huko juu, unafanyaje?"

"Natua kiwanja cha karibu."

"Hata kama safari si ya huko?"

"Hata kama bosi hataki, mama. Angani bosi ni mimi."

Theodosia aliitikia kwa kichwa. Akatoa simu. "Mmemaliza?" aliuliza. "Haya. Msiondoke hapo." Kisha akaizima, kama abiria yeyote mtiifu.

Waliruka kutoka Kibondo. Chini yao vilima vilikuwa kijani kitupu na mito imefura tope. Hewa ya mchana iliirusha ndege huku na huku. Omary akamtaja kila mtume aliyemkumbuka. Mzee Leonidasi hakulalamika hata mara moja. Mkewe alikuwa akimnong'oneza Kirundi na kumfuta uso kwa kitenge.

"Mpe maji, mama," Omary alisema, akinyoosha chupa.

"Mwache apumzike."

"Kwenu wapi?"

"Titye, huko Kasulu. Huyu alitoka Burundi hana hata jembe. Shamba la Titye ndilo udongo wa kwanza kuitwa wake." Akaiweka sawa kofia ya mumewe. "Analipenda kuliko mimi."

Mabati ya Kasulu yalipoanza kumetameta mbele, Theodosia alipiga ukelele.

"Rubani! Mume wangu amezidiwa! Tushushe!"

"Omary, mshike mkono, uniambie."

Omary akaushika. Halafu sauti ya Omary ikaja imepanda. "Baridi, dada! Wa baridi kama samaki!"

Mwanahawa aliushika usukani kwa mikono miwili. Kigoma kulikuwa kweupe: lami kavu, hospitali kubwa, gari la wagonjwa. Lakini Kigoma bado ilikuwa mbali. Kasulu ilikuwa hapa chini ya miguu yake, ila kiwanja chake ni cha udongo, na kilikuwa kimenyeshewa wiki nzima. Haidari, mwenye ndege, hakuficha maneno: "Ukitua Kasulu kabla sijakikagua, sare uiache hukohuko." Sare hiyo ndiyo iliyowasomesha wadogo zake. Na Omary je? Mtu mzima wa afya, ana watoto. Amhatarishe huyu ili amwokoe yule? Au anyooshe, ashuke Kigoma salama salimini na maiti kwenye kiti?

"Tushushe, mwanangu. Nakusihi."

Uchovu ulimwambia anyooshe. Kunyoosha ndiko kulikokuwa rahisi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akatangaza dharura redioni, akainamisha pua ya ndege.

Alipita chini mara moja kuwafukuza ng'ombe, akageuza, akashuka. Matairi yaligusa tope na ndege ikaanza kwenda ubavu. Breki hazikushika kitu. Vichaka vya mwisho wa kiwanja vilikuja vinakimbia. Kisha gurudumu moja likazama, ndege ikalala upande, bawa likafyeka matawi, na kila kitu kikanyamaza isipokuwa Omary, aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Mwanahawa alizima injini. Kazi yake ilikuwa imezama pale kwenye tope pamoja na gurudumu. Alilijua hilo na hakuwa na nguvu ya kulisikitikia. Alikimbilia nyuma, akaweka vidole kwenye shingo ya mzee. Akatafuta upande wa pili. Hakuna kitu.

"Mama," alisema, "nisamehe. Nimechelewa."

Theodosia hakulia. Alikuwa anatazama nje. Pikapu ilikuwa inakuja polepole pembeni ya kiwanja, wanaume wamesimama nyuma, majembe mabegani, udongo mwekundu umewaganda hadi magotini. Mwanahawa alishusha pumzi. Angalau walikuwepo watu wa kuchimbua gurudumu.

Wanaume walilipita gurudumu bila kulitupia jicho. Wakashusha jeneza la mbao mpya, na juu yake msalaba mweupe ambao rangi yake ilikuwa imeshakauka. Uliandikwa Leonidasi, wa Titye. Tarehe ya kufariki ilikuwa ya jana.

"Hukuchelewa, mwanangu," alisema Theodosia, akimfungua mumewe mkanda. "Na mimi sikuombi radhi."