Gari Lililogoma Mlimani

Fundi hakuwa na kompyuta ya kupimia magari, hakuwa na jeki ya kuaminika, hakuwa na mke tena, na mwanawe wa kiume wa pekee alikuwa amemfukuza mwenyewe siku ya mazishi.

Mwaka mzima gari la marehemu mkewe, otomatiki kuukuu, lilikaa chini ya turubai. Asubuhi hiyo alilifungia betri mpya, akaliwasha, binti yake akapanda pembeni.

Mwanzoni lilikwenda bila neno. Lilipopata moto, katikati ya mlima wa kwenda hospitali, injini ikanguruma kwa nguvu zote, gari lisisogee hata shubiri.

"Kaka si alisema hivi hivi?" binti akafoka. "Injini inalia, gari limegoma, mama anakata roho kiti cha nyuma. Ukamwita mwongo. Ukasema alipitia kwenye pombe!"

Fundi aliliachia gari lirudi kinyumenyume hadi tambarare, akazima, akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi. Yamejaa, mpaka alama ya juu.

Akawasha tena, akapitisha gia zote moja moja, akapima injini ikiunguruma, kama kitabu cha gari kilivyoagiza. Safari hii kijiti kilitoka kikavu. Ncha tu ndiyo ililowa, nyeusi, ikinuka kuungua.

"Otomatiki hupimwa injini ikiwaka," alisema polepole. "Ukizima, mafuta hushuka yote chini, yakakudanganya. Aliyepima alizima, kama anapima lori. Akaona yamejaa, akafunga boneti, akaenda zake kulala."

"Fundi gani huyo, baba? Si bora angeshona viatu! Unamjua?"

"Namjua."

"Twende basi. Leo namvaa mzima mzima!"

"Ngoja kwanza niandike barua."

Nyumbani, mezani, aliandika, akachana, akaandika tena, akachana. Mara ya tatu aliiacha kama ilivyo:

"Mwanangu, ulisema kweli. Mafuta yale niliyapima mimi, jioni ya kuamkia safari yenu. Rudi nyumbani, hata kama ni kuja kunitukana."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaipeleka posta kwa miguu.