Geti la Kamachumu

Wachezaji walikuwa wamekwisha kuvua viatu na kuvining'iniza shingoni, tayari kuparamia ukuta wa uwanja, Joanitha alipofika mbio na kujitupa mbele yao.

"Leo hapana! Leo mnapita getini kama watu!"

Geti lilikuwa wazi, pale pale karibu, limepakwa rangi mpya. Lakini timu ya Kagoma haikuwahi kupita getini siku ya mechi kubwa, na haikuwa na mpango wa kuanza leo, tena wakicheza na Bukoba.

"Waitu, binti," kocha Kahangwa alisema kwa upole wa Kihaya, "hawa wa Bukoba wamelala hapa Kamachumu tangu jana. Unadhani walikuja kula senene? Hapo getini wamezika kitu."

Joanitha alitamani kulia kwa hasira. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika utawala wa michezo, ameletwa Kagoma kujifunza kwa vitendo jinsi klabu inavyoendeshwa. Vitendo vyenyewe vikawa kufua jezi, kumenya ndizi za wachezaji na kuitwa "mwalimu" na watu wasiomsikiliza. Kila alilopendekeza waliitikia "sawa kabisa", kisha wakafanya lao. Wahaya wana adabu bwana, hata wanapokupuuza.

Na leo ndiyo siku ya Dakta Rutashobya, msimamizi wake kutoka chuoni, kuja kumpima. Mtu wa Muleba kwa kuzaliwa, wilaya ile ile ya Kagoma, lakini kwa kanuni hakujua ndugu. Mwesiga, mwenzake wa darasani, alifelishwa kwa sababu timu yake ilichelewa kuingia uwanjani. Joanitha akifeli leo, shahada hana, na miaka yote ya kusoma imekwenda na maji.

Asubuhi Dakta alikuwa amempigia simu.

"Kwa hiyo mnacheza na Bukoba?" Akavuta pumzi ndefu. "Hao watu hawafungiki. Joanitha, leo sitaki uzembe. Hata kidogo!"

Sauti ile ilikuwa bado masikioni mwake.

"Dakta akiwakuta ukutani, nimekwisha," aliwaambia wachezaji, na sasa machozi yalimtoka kweli. "Nimewafulia jezi. Nimewapikia. Sijawahi kuwaomba kitu. Naomba hiki kimoja."

Wakatazamana. Nahodha Privatus aliinamisha kichwa, akaanza kuvaa viatu. Wengine wakamfuata, wakinung'unika kwa Kihaya maneno ambayo Joanitha aliona heri asiyasikie.

Wakapita getini. Wote. Kahangwa alipofika pale akapiga ishara ya msalaba, akaruka kizingiti kama mtu anayeruka dimbwi. Mashabiki wa Kagoma wakanyamaza kimya. Wa Bukoba wakapiga makofi.

Joanitha hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu afike alijiona meneja. Akaharakisha kwenda jukwaani kupokea pongezi zake.

Kiti cha Dakta kilikuwa kitupu.

Akauliza huku na huku. Mtu mmoja akamwambia gari la mgeni limeegeshwa nyuma ya uwanja, mbali kabisa na geti. Kumbe hakuona! Yaani kazi yote ile, na mpimaji hakuona!

Akakimbilia nyuma ya uwanja. Hakukuwa na mtu. Kisha kiatu cheusi, kimeng'arishwa vizuri, kikaanguka kutoka juu ya ukuta. Kikafuata cha pili. Ikafuata miguu miwili yenye soksi, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, na mwisho Dakta Rutashobya mwenyewe, akishuka kwa tumbo, jasho likimtiririka.

"Joanitha," alihema, akijifuta vumbi, "vijana wamepita wapi?"

"Getini, Dakta!" Joanitha alijibu kwa fahari. "Timu nzima!"

Dakta Rutashobya akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye majani.

"Mwanangu," alisema, "umetuua."