Maini ya Mbaruku

Muuguzi alipomfunga Mbaruku mpira mkononi, mkewe Zaituni alisimama.

"Mtu hana nguvu hata ya kuoga mwenyewe, halafu mnamtoa damu?"

"Kaa, mama Rehani," Mbaruku alimwambia. "Daktari kashaeleza."

Kweli alikuwa ameeleza. Mwili wenye afya huchukua kwenye chakula madini ya chuma unayoyahitaji, mengine ukayaacha yapite. Wa Mbaruku haukujua kuacha. Uliyachukua na kuyarundika kwenye ini, moyo na viungo vya vidole, na ndiyo maana alikuwa akichoka. Dawa ilikuwa kumpunguza damu, chuma kitoke nayo.

Kilichomkera Zaituni ni maini, ambayo daktari alisema yamejaa chuma hichohicho. Tangu mumewe aanze kuchoka, kila jirani alisema amepungukiwa damu, naye akawa anawahi buchani kabla maini hayajaisha. Alimkaangia, akamchemshia supu, akamsimamia mpaka amalize sahani.

"Hukuwa ukiyapenda," alisema. "Kwa nini hukukataa, baba Rehani?"

"Ulikuwa ukifurahi nikimaliza."

Damu ilikuwa ikishuka polepole mno kwenye mfuko. Muuguzi akamwambia Mbaruku awe anakunja na kukunjua ngumi, lakini vidole vilivyovimba havikumtii.

Zaituni akavuta kiti, akatia mkono wake ndani ya kiganja cha mumewe.

"Bana," alisema kwa hasira. "Bana tena."