Makuti ya Kobe

Kobe alipanda njegere nyuma ya nyumba yake kipupwe kilipoanza, kwa kuwa njegere hazipendi joto. Hata hivyo jua la mchana lilikuwa kali, basi akazitengenezea kivuli cha makuti. Zilikuwa za Bibi Kima, jirani asiye na jino hata moja, aliyemwomba kitu laini cha kula.

Siku moja akapita Kima, mtoto wa bibi huyo.

"Kobe, unaficha nini humo?"

"Sifichi kitu, ndugu yangu. Ngoja nikueleze..."

"Mchoyo mkubwa wewe!" Kima akayararua makuti yote, akaenda zake. Kufika jioni, njegere zilikuwa zimenyauka na maua yamepukutika.

Kobe alimfuata hadi mlangoni. "Chakula ulichokiunguza ni cha mama yako! Ungesubiri jibu, ungekufa?"

Bibi Kima akasikia. "Nenda ukamsaidie kupanda upya," akamwambia mwanawe. "Na hicho kivuli utakishika wewe!"

Kobe alibakiwa na konzi moja tu ya mbegu. Wakaipanda, na miche ilipochomoza, Kima akawa anasimama juani kila mchana, ameikinga kwa jani la mgomba.

Akapita Digidigi. "Unaficha nini hapo, Kima?"

"Sifichi kitu! Ngoja nikueleze..."

"Mchoyo we!" Digidigi akatimua mbio kuwaambia wengine.

Kima akamgeukia Kobe, macho yamemtoka. "Umemsikia? Hakusubiri hata jibu!"

"Nimemsikia," akasema Kobe. "Inua jani, jua linaingia."